Tiba ya Moyo Ianzie Kijijini

Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Karatu na Ngorongoro, yaliyofanyika mjini Karatu. Tunayachapa kamili kwa manufaa ya wasomaji wengine.



Nilipoalikwa kuja kuzungumza nanyi, wengi walitazamia kwamba ningezungumzia uchumi wa nchi au kazi za Chama. Nimeomba ruhusa ya kuzungumzia moyo. Sina maana ya moyo wa kujitolea, ambao sisi waandishi wa Chama tumeuandika mara nyingi hata pengine tumewachosha. Nina maana ya ule moyo wa nyama, ambao ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, na ambao hupiga kiasi cha mara 100,000 kila siku bila ya kuamriwa na mtu. Nataka tuzungumze juu ya moyo unaopoteza mwendo wake, juu ya tiba yake iliyopo sasa katika nchi yetu, na juu ya sababu zinazofanya tiba hiyo isimfikie mtu wa Rhotia, wa Mang'ola, wa Endulen au wa Nainokanoka.

Mimi si daktari. Ninayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua. Lakini ninayo sababu ya kuyasema, nayo ni mwalimu wangu wa hesabu.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu huyo, mama wa makamo, alikuwa na jambo ambalo darasa zima lililijua na ambalo hakuna aliyelitaja nje. Siku nyingine, katikati ya somo, aliweka chaki mezani, akakaa, akashika kifua. Sisi tulikwisha kujua la kufanya. Mmoja wetu alikimbia kuchota maji ya mtungi. Waliobaki tuliimba jedwali la saba kwa sauti kubwa, ili mwalimu mkuu asije akausikia ukimya wa darasa. Mwalimu aliyanywa yale maji ya baridi kwa mkupuo mmoja, akabana pumzi, akafumba macho. Baada ya dakika tano, pengine baada ya nusu saa, aliinuka ghafla, akasema, "Umekwisha," akaendelea na hesabu pale pale alipoachia.

Kijijini majibu yalikuwepo tele. Wengine walisema ana majini. Wengine walisema amerogwa kwa sababu ya mshahara wake. Katika kituo kimoja cha tiba aliambiwa ni presha. Katika kingine aliambiwa ni wasiwasi tu, akapewa vidonge vya kumlaza usingizi. Kila alipofika kwa mganga, moyo ulikuwa umekwisha kutulia, na mganga alimkuta mzima. Mkubwa wake wa kazi alianza kumwandikia barua za utoro. Mwishowe aliondolewa darasani akapewa kazi ya kutunza vitabu. Alikuwa mwalimu bora wa hesabu niliyepata kumwona, na watoto wa miaka mingi iliyofuata hawakumpata.

Zaidi ya miaka 20 ilipita. Siku moja moyo ulimkimbia akiwa njiani, ukakataa kutulia, na safari hii alifikishwa hospitali wakati bado unakimbia. Muuguzi mmoja kijana alimshika mkono, akahesabu, akashtuka, akamfunga nyaya za kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ilitoka na ushahidi: mapigo 190 kwa dakika. Daktari alimwambia, "Mama, huna majini wala huna wasiwasi. Una njia moja ya umeme iliyozidi moyoni mwako, na ulizaliwa nayo." Akapelekwa Dar es Salaam. Huko walipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, wakaitafuta ile njia iliyozidi, wakaichoma kwa joto. Kazi ilikuwa ya saa chache. Siku ya pili yake alikuwa akitembea, na tangu siku ile moyo wake haujakimbia tena.

Nilipokwenda kumwona nilitarajia kusikia habari za furaha. Aliniuliza swali. "Mwanangu," alisema, "ile miaka yangu 20 nitamdai nani?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonileta hapa.

MOYO NA UMEME WAKE

Hapana budi kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana adui asiyejulikana hapigwi. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Kila pigo huanza katika kituo kidogo kilichopo kwenye chumba cha juu cha kulia. Kituo hicho hufanya kazi ya mwalimu wa zamu anayepiga kengele: kikitoa cheche ndogo ya umeme, vyumba vya juu hujikaza na kusukuma damu chini. Kisha umeme huo hufika mahali palipo katikati ya moyo, ambapo husimama kidogo sana kabla ya kuruhusiwa kushuka vyumba vya chini.

Ninyi mnaoishi huku mnalifahamu lango la Lodoare. Kila gari linalotoka Karatu kwenda kreta hupita pale, husimama, huandikishwa, ndipo huendelea. Ndani ya moyo lango ni hilo hilo moja. Lakini wapo watu waliozaliwa na njia ya panya, yaani uzi mwembamba wa nyama unaounganisha juu na chini bila ya kupita langoni. Umeme ukishuka kwa lango unaweza kupanda tena kwa njia ya panya, ukarudi langoni, ukashuka, ukapanda, ukawa unazunguka bila ya kikomo. Wengine wana njia mbili ndani ya lango lenyewe, na mzunguko hutokea hapo hapo. Hapo moyo hupiga mara 150, mara 180, hata zaidi ya mara 200 kwa dakika. Mtu husikia moyo kwenda mbio ghafla, hulegea, huona giza, pengine huanguka. Kisha mzunguko hukatika, moyo hurudi mwendo wake, na ushahidi wote hupotea.

Ndiyo maana maji ya baridi na kubana pumzi vilimsaidia mwalimu wangu. Vitendo hivyo huamsha mshipa wa fahamu unaolipunguza kasi lango, na mzunguko ukikosa lango hukatika. Mwalimu aligundua kwa mateso yake mwenyewe jambo ambalo madaktari hulifundisha vyuoni. Lakini kuukatisha mzunguko si kuiondoa njia.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Willem Einthoven wa Uholanzi ndiye aliyetengeneza, mwanzoni mwa karne ya 20, mashine iliyoweza kuandika umeme wa moyo, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1924. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijapani, Sunao Tawara, akiwa Ujerumani, alilieleza lango nililolitaja. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack, walikionyesha kituo cha kengele. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, akatembea hadi chumba cha picha ili aaminiwe. Wakubwa wake walimkemea; ulimwengu ulimpa Tuzo ya Nobeli mwaka 1956. Na mwaka 1930 madaktari Wolff, Parkinson na White walieleza habari za vijana wenye afya ambao mioyo yao hukimbia ghafla. Ugonjwa wa njia ya panya unaitwa kwa majina yao hadi leo.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa vidonge vya maisha. Mwaka 1968 huko Marekani njia ya panya ilikatwa kwa kisu, lakini kwa kumpasua mtu kifua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Melvin Scheinman wa San Francisco alilifunga lango la moyo kwa mrija na mshtuko wa umeme, bila ya kupasua kifua. Mshtuko ule ulikuwa mkali kupita kiasi. Miaka michache baadaye madaktari walipata njia ya upole zaidi, yaani joto linalotokana na mkondo wa masafa ya redio, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 ikawa ndiyo tiba inayotegemewa.

MOTO USIO NA MOSHI

Naomba niieleze tiba hii kwa urefu kidogo, kwa sababu hofu nyingi huzaliwa na kutojua.

Mgonjwa hulala kitandani akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Sehemu ya nyonga hutiwa ganzi. Daktari hupitisha katika mshipa mkubwa mirija myembamba yenye vipande vya madini nchani, naye huifuata kwa macho katika kioo cha picha hadi imeingia moyoni. Nyama za ndani ya moyo hazisikii mguso wa mirija hiyo. Ncha hizo husikiliza umeme kutoka pembe mbalimbali, na daktari hulinganisha: umeme umefika wapi kwanza, na wapi baadaye. Kisha huuchokoza moyo kwa makusudi ili uanze kukimbia mbele ya mashahidi, jambo ambalo mwalimu wangu hakulipata kwa miaka 20.

Njia ya panya ikiisha kuonekana, ncha ya mrija huwekwa juu yake na mkondo huruhusiwa kupita. Mkondo huo huenda na kurudi kiasi cha mara 500,000 kwa sekunde, jirani kabisa na masafa ya kati ambayo wazee wetu walisikilizia redio. Haushtui moyo, huipasha joto nyama iliyoguswa. Nyama ikipita nyuzijoto 50 kwa muda wa kutosha hufa na kuwa kovu, na kovu halipitishi umeme. Chai mliyokunywa asubuhi ilikuwa na joto kuliko hilo. Kidonda chenyewe ni cha milimita chache tu. Daktari hujaribu tena kuuchokoza moyo. Ukikataa kukimbia, kazi imekwisha.

Katika magonjwa haya ya njia iliyozidi, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 hupona, na walio wengi hawahitaji kidonge tena. Ni haki pia kuyataja madhara. Mshipa waweza kuvuja damu pale ulipotobolewa. Kwa nadra ukuta wa moyo waweza kutoboka. Na kwa kuwa moto unawashwa jirani na lango, mara chache lango lenyewe huungua, na mgonjwa hulazimika kuwekewa betri ya moyo. Daktari mwaminifu huyasema haya mapema, na mwananchi ana haki ya kuyauliza.

TIBA IKO NCHINI

Tiba hii hatuiazimi tena ng'ambo. Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo alisubiri kupelekwa India au kwingineko kwa fedha za Serikali, na wengi walikufa wakisubiri. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ikijitegemea, chini ya Profesa Mohamed Janabi. Leo Taasisi hiyo ina mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo, nayo huitibu mioyo inayokimbia kwa joto, kwa mikono ya madaktari wa Kitanzania. Aidha, wataalamu wake husafiri mikoani kwa mpango wa tiba mkoba wenye jina la Rais Samia Suluhu Hassan.

Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini Chama chetu hakikutufundisha kujivunia mitambo. Kilitufundisha kuuliza mtambo unamtumikia nani. Kutoka hapa Karatu hadi Arusha ni karibu kilometa 150, na kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 600. Mgonjwa wa Endulen huanza na safari ya kufika hapa kwanza. Hata hivyo, Ndugu zangu, mimi sioni kwamba kikwazo kikubwa ni hizo kilometa. Mtu wa huku akijua kwa hakika kwamba anaumwa nini na kwamba dawa iko wapi, atauza ng'ombe atafika. Kikwazo kikubwa ni kwamba hajui, na sisi tunaomzunguka hatujui, na ugonjwa wake hauonekani siku anapofika kwa mganga.

Mtambo wa mabilioni ulioko mjini unategemea vidole viwili vya muuguzi wa kijijini. Vidole hivyo visipohesabu mapigo, mtambo huo utakuwa wa watu wa mjini, nao ni mali ya umma iliyonunuliwa kwa kodi ya mkulima wa vitunguu wa Mang'ola na ya mfugaji wa Olbalbal.

SI KILA MOYO HUPONA KWA MOTO

Hapa sina budi kutoa onyo, nisije nikawadanganya. Upo ugonjwa mwingine wa mwendo wa moyo, ambao vyumba vya juu hutetemeka ovyo bila ya mpango, na mapigo ya mkononi huja pasipo mpangilio wowote: moja, mawili ya haraka, kimya, moja tena. Damu hutuama katika vyumba hivyo, hufanya bonge, na bonge likipanda kichwani mtu hupatwa na kiharusi. Ulaya na Marekani huu ni ugonjwa wa wazee hasa, na tangu mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walipoonyesha chanzo chake, huko nao hutibiwa kwa joto, ingawa mafanikio yake si ya uhakika kama ya ile njia ya panya.

Kwetu sura yake ni tofauti. Jirani zetu wa Wilaya ya Hai walipopimwa wazee zaidi ya 2,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ni 15 tu walioonekana kuwa nao. Lakini utafiti mwingine uliofanyika katika nchi 14, zikiwemo Kenya na Uganda, uliwachunguza wagonjwa 3,343 ambao milango ya mioyo yao imeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikwisha kuwa na mtetemeko huo. Maana yake ni dhahiri. Huku kwetu mtetemeko mara nyingi ni mtoto wa mlango ulioharibika, na mlango huo uliharibiwa utotoni na mafindofindo ambayo hayakutibiwa.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuchoma peke yake ni sawa na kupaka rangi nyumba inayovuja. Yeye anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, vipimo vya mara kwa mara, na pengine mlango wake utengenezwe. Na mdogo wake aliyebaki shuleni anahitaji penisilini pale koo linapouma kwa homa, ambayo gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mrija mmoja wa Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetaka kupigania tiba kubwa ya mjini, na aanze kwa kulipigania koo la mtoto wa darasa la pili.

FUNZO LA SAMUNGE

Hakuna mtu wa wilaya hizi asiyeukumbuka mwaka 2011. Kijiji cha Samunge, katika Loliondo, kilipokea maelfu kwa maelfu ya watu waliokuja kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na wagonjwa wengine waliacha dawa zao za hospitali. Sikusudii kumhukumu mzee huyo, ambaye alifariki mwaka 2021. Nakusudia kutuuliza sisi tuliosoma: watu wale walitafuta nini?

Wapo wanaojibu kwa dharau kwamba walitafuta ujinga wao. Jibu hilo ni la uvivu. Walitafuta mambo matatu: bei wanayoiweza, neno la matumaini kutoka kwa mtu anayewasikiliza, na tiba ya mara moja inayomaliza. Mgonjwa aliyechoshwa na vidonge vya maisha hutamani kuambiwa, "Nenda, umepona." Kwa maradhi mengi ya kudumu neno hilo si kweli. Lakini kwa moyo wenye njia iliyozidi ni kweli, nasi tuliokuwa na ukweli huo hatukuupeleka kwa watu. Tusishangae basi watu wakienda mbali kuutafuta mahali pengine.

TUJISAHIHISHE

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa. Watauliza: inafaaje kuzungumzia mitambo ya moyo ilhali zahanati nyingine hazina dawa za kutosha? Swali hilo ni zito na lina heshima yake, kwa sababu Taifa letu baada ya Azimio la Arusha lilichagua kuanza na zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na chaguo lile lilikuwa sahihi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi mbele ya redio, wakajifunza malaria na maji machafu, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Hawakungoja mtambo.

Jibu langu ni kwamba tukifanya vizuri hatutachagua kati ya zahanati na mtambo. Zahanati inayoweza kuhesabu mapigo ndiyo hiyo hiyo itakayomwona mama mwenye kifafa cha mimba na mtoto mwenye homa kali ya mapafu. Kipimo cha umeme wa moyo kikiwepo na kikisomwa, kitamhudumia mwenye moyo wa kukimbia pamoja na mwenye presha ya miaka mingi. Na kijana wa miaka 20 akiponywa mara moja, Taifa hupata miaka 40 ya kazi yake. Mwenye hesabu na azipige.

Yako mambo manne ambayo naona yako katika uwezo wetu.

La kwanza ni la walimu. Mtoto anayeanguka akikimbia mchakamchaka, au anayesema moyo unampiga ghafla, asichapwe kwa uvivu wala asipelekwe kuombewa tu. Mwalimu amshike mkono, ahesabu, aandike saa, tarehe na idadi ya mapigo, na ampeleke hospitali na karatasi hiyo. Karatasi ya mwalimu yaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee. Mwalimu mwenzenu anayeshika kifua naye atendewe hivyo hivyo kabla ya kuandikiwa barua ya utoro.

La pili ni la waganga na wauguzi. Mapigo yahesabiwe na kuandikwa kwa kila mgonjwa, si yakadiriwe. Na mgonjwa wa moyo wa kukimbia aambiwe, "Ukishikwa, njoo wakati ule ule, usiku au mchana, upimwe ukiwa bado umeshikwa." Hospitali ya Kilutheri na hospitali ya FAME hapa Karatu, hospitali ya Endulen na ile ya Wasso zinajulikana na wananchi, mwananchi ajue pia saa ya kwenda.

La tatu ni la viongozi wa vijiji na kata. Majina ya waliotambuliwa yafikishwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla ya madaktari wa tiba mkoba hawajafika mkoani, si baada ya kuondoka. Madaktari wakija Arusha wakakuta foleni ya watu wa Arusha mjini tu, kosa si lao.

La nne linatuhusu sisi wote tuliomo humu ndani. Kila mmoja wetu hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3, kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Tuna kadi. Mfugaji aliyekaa nje ya ukumbi huu, mara nyingi, hana. Tiba niliyoieleza hugharimu mamilioni ya shilingi, kwa kuwa mirija yenyewe hununuliwa ng'ambo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo tusiisome kama watu tuliokwisha kushiba. Tuieleze vijijini, tuidai utekelezaji wake, na tuulize bila ya woga kama mafungu yake yanaufikia moyo wa mtu wa chini. Mwanachama anayeuliza swali hilo hakipingi Chama. Anakikumbusha kilizaliwa kwa ajili ya nani.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijakaa naomba tufanye kazi ndogo ya vitendo. Kila mmoja aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono mwingine, chini ya kidole gumba. Mtaona mshipa unapiga. Mimi nitatazama saa. Ninyi hesabuni kwa sekunde 30, kisha mzidishe kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100, kwa mwendo ulio sawa. Atakayepata zaidi ya hapo sana, au mwendo wa ovyo, asiogope, aende akapimwe. Mwenye kuzimia, kuumwa kifua au kukosa pumzi asingoje hata kesho.

Mmekwisha? Basi leo jioni fanyeni hivyo hivyo kwa mzee wa nyumbani, na kesho kwa mtoto wa darasani. Imetuchukua nusu dakika. Mwalimu wangu aliisubiri nusu dakika hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna mtu aliyempa, wakati vidole tulikuwa navyo sote.